Walikusanywa, lakini waliimba: jibu kwa msomaji kuhusu makundi ya wavulana ya miaka ya 90

Dada mmoja wa Morogoro ameniandikia hivi: "Napenda Backstreet Boys na Westlife tangu niko sekondari. Kila nikiweka nyimbo zao, kaka yangu hunitania kwamba wale hawakuwa waimbaji, walikuwa sura nzuri zilizokusanywa na tajiri mmoja akawafundisha kucheza. Je, ni kweli? Na kwa nini makundi ya namna ile yalizuka yote kwa pamoja miaka ya 90, halafu yakapotea kwa pamoja?"

Dada yangu, nimelifurahia swali hili. Kazi yangu ni kufundisha na kupanga sauti za kwaya, na nyimbo za makundi yale nimezisikiliza kwa sikio la kazi, sauti moja baada ya nyingine. Kaka yako amepatia kwenye kukusanywa, amekosea kwenye kuimba. Vyaelea vimeundwa, walisema wahenga, na makundi haya yaliundwa hasa: yalikuwa na fundi, na mbao, na mwenye mali. Lakini utajiri wa mwenye mali peke yake haujawahi kuelesha chombo.

Chimbuko la makundi haya si Orlando ya Florida wala Dublin ya Ireland. Ni Roxbury, mtaa wa Boston, mwanzoni mwa miaka ya 80. Huko walikuwepo vijana watano weusi, watoto wa nyumba za hali ya chini, waliojiita New Edition na kuimba kwa kuwafuata Jackson 5. Mwaka 1981 waliingia kwenye shindano la vipaji lililoandaliwa na mtunzi aitwaye Maurice Starr. Starr akawachukua, akawaingiza studio, na mwaka 1983 kibao chao "Candy Girl" kikafika namba moja Uingereza. Baada ya ziara yao kubwa ya kwanza, kila kijana alirudishwa nyumbani na hundi ya dola 1 na senti 87. Hilo wamelisimulia wenyewe mara nyingi. Waliambiwa kwamba pesa nyingine zote zimeliwa na gharama za safari.

New Edition wakaachana na Starr, ila Starr hakuachana na wazo lake. Kuanzia mwaka 1984 alitafuta vijana weupe katika jiji lilelile, upande wa Dorchester, akawapa hatua za kucheza za aina ileile na nyimbo alizotunga mwenyewe. Hao ndio New Kids on the Block. Albamu yao ya kwanza ilipita kimya. Ya pili, iliyotoka 1988, iliitikisa Marekani nzima, na nyuso za vijana wale zikachapwa kwenye mashuka, mabegi ya shule na wanasesere. Jambo hili halisemwi vya kutosha, nami nataka ulijue mapema: njia waliyopita makundi yote unayoyapenda ilichongwa na watoto weusi wa Roxbury, na soko liliwafungulia mlango mpana zaidi waliokuja nyuma yao wakiwa weupe. Kupenda Backstreet Boys si kosa. Kuwasahau New Edition ni dhuluma.

Tena uhusiano wenyewe si wa kubuni. Michael Bivins wa New Edition ndiye aliyewasikiliza vijana waliomvizia nyuma ya jukwaa huko Philadelphia, wakamwimbia papo hapo bila ala yoyote. Walikuwa wanafunzi wa shule ya sanaa ya jiji hilo, na jina lao walilitoa kwenye wimbo wa New Edition: Boyz II Men. Mwaka 1992 wimbo wao "End of the Road" ulikaa namba moja Marekani kwa wiki 13. Mwaka 1994 wakaja na mwingine uliokaa wiki 14, kisha wakaimba na Mariah Carey wimbo uliodumu wiki 16. Kwa mtu wa kwaya kama mimi, Boyz II Men ndio kipimo. Walikuwa na besi halisi, sauti ya chini inayobeba nyumba nzima, na juu yake sauti tatu zinazopishana bila kugongana. Vijana wengi waliokuja kufanya usaili Florida na Ireland miaka michache baadaye walikuwa wakijaribu kuimba kama wao.

Uingereza iliingia mapema kidogo. Meneja Nigel Martin-Smith wa Manchester aliwaona New Kids akataka jibu la Waingereza, na mwaka 1990 akaunda Take That. Kundi hili lina sifa moja inayomkosesha kaka yako hoja: Gary Barlow alikuwa mpiga kinanda aliyeanza kulipwa akiwa kijana mdogo kwenye kumbi za wafanyakazi, na nyimbo kubwa za kundi alitunga yeye. "Back for Good" ya 1995 ni wimbo uliotungwa na mtu anayejua kazi. Robbie Williams alipoondoka Julai 1995, na kundi likatangaza kuvunjika Februari 1996, wasichana walilia kiasi kwamba zilifunguliwa namba za simu za kuwafariji. Kuna watu wanaocheka wakisikia habari hiyo. Mimi sicheki. Msichana wa miaka 13 aliyempata mtu wa kumwimbia maneno ya upole kwa mara ya kwanza alikuwa na haki ya kuomboleza.

Sasa twende kwa tajiri wa kaka yako. Anaitwa Lou Pearlman, mfanyabiashara wa puto kubwa za matangazo na ndege za kukodi. New Kids walikodi ndege yake, naye akashangaa ilikuwaje vijana wadogo wamudu gharama ile. Alipoelezwa wanaingiza kiasi gani kwa maonyesho na bidhaa, akaamua kuwa na kundi lake. Mwaka 1992 akaweka tangazo kwenye gazeti la Orlando Sentinel akitafuta vijana wa kuimba na kucheza. Kisha akamwajiri Johnny Wright, mtu aliyewahi kusafiri na New Kids kwenye ziara zao. Unaona jinsi mnyororo unavyoshikana.

Lakini kwa nini Orlando? Mji ule haukuwa na historia kubwa ya muziki. Ulikuwa na Disney World, Universal na studio za televisheni za watoto, na kwa hiyo ulikuwa umejaa vijana waliofundishwa kuimba, kucheza na kutabasamu mbele ya watu kila siku kwa mshahara. Kevin Richardson alikuwa akifanya kazi Disney, akivaa kama Aladdin. AJ McLean na Howie Dorough walikuwa wakikutana mara kwa mara kwenye usaili wa mjini. Nick Carter alikuwa na miaka 13 tu. Walipohitaji sauti ya tano, Kevin akampigia simu binamu yake, Brian Littrell, aliyelelewa kwenye uimbaji wa kanisani huko Lexington, Kentucky. Brian akafika Aprili 1993, na mwezi uliofuata wakaimba onyesho lao la kwanza kwenye bustani ya SeaWorld. Jina walilichukua kwenye soko la mitumba la mjini ambako vijana walikuwa wakikusanyika. Miaka miwili baadaye likaundwa *NSYNC mji uleule, na wawili kati yao, Justin Timberlake na JC Chasez, walikuwa wametoka kwenye kipindi cha watoto cha Disney kilichorekodiwa hapohapo Orlando. Pearlman alilipia nyumba, walimu na ndege. Sauti alizikuta zimeshapikwa.

Kilichokosekana ni nyimbo, na nyimbo zilitoka Sweden.

Stockholm kulikuwa na studio ndogo iitwayo Cheiron. Aliyeiongoza alijulikana kwa jina la Denniz PoP, zamani mpiga santuri wa klabu, ambaye hakuwa mpiga ala lakini alikuwa na sikio la ajabu la kujua ni wapi msikilizaji atachoka. Alimchukua kijana aliyekuwa akiimba kwenye bendi ya roki nzito, akambatiza Max Martin. Max alikuwa amesomeshwa muziki na shule za serikali za Sweden, zile ambazo mtoto yeyote hufundishwa ala kwa ada ndogo, na mwenyewe husema bila shule zile asingefika popote. Mwaka 1995 Backstreet Boys walipelekwa Stockholm na kampuni yao ya kurekodi, Jive, wakarekodi kibao chao cha kwanza. Jive ilikuwa tawi la Zomba, kampuni ya Clive Calder, mzaliwa wa Afrika Kusini, na jina lile la Zomba ni la mji uliokuwa makao makuu ya Malawi. Kwa hiyo ukipata kaseti ya zamani yenye jina hilo mgongoni, huo ni mji wa jirani zetu.

Utamu wa kazi ya Cheiron uko kwenye kuunganisha vitu viwili: mdundo wa Wamarekani weusi, na tuni za Kiskandinavia zenye huzuni ndani ya furaha. Chukua "I Want It That Way" ya 1999. Brian anaanza peke yake na gitaa, karibu kunong'ona. Wengine wanaingia mmoja mmoja, kila mmoja kwa sauti tofauti kiasi kwamba unamtambua bila kuambiwa jina. Kiitikio kinapofika, sauti zinajipanga kama kwaya ya kanisani: wa juu anabeba tuni, wawili wanajaza katikati, wa chini anashikilia. Katika kipande cha kati Kevin anashuka na sauti yake nzito, kisha wimbo mzima unapandishwa ufunguo kwa toni moja kamili, na kiitikio kinarudi kikiwa juu zaidi huku sauti zikiitikiana. Kupandisha ufunguo hivyo huku watu watano wanaimba si jambo la sura nzuri. Kwaya nyingi ninazozijua hushuka zenyewe nusu toni kabla ya kumaliza wimbo. Maneno yake hayaeleweki vizuri, hilo kila mtu anakiri, na kampuni iliogopa hata ikatengenezwa nakala yenye maneno yaliyonyooka. Vijana wakaikataa, wakashikilia ile ya kwanza kwa sababu ilisikika vizuri zaidi mdomoni. Huo ni uamuzi wa waimbaji.

Nimkubalie kaka yako sehemu yake. Si kila aliyesimama jukwaani alikuwa mwimbaji. Boyzone, kundi jingine la Ireland, walipotokea mara ya kwanza kwenye televisheni ya Ireland mwaka 1993, hawakuimba kabisa, walicheza tu juu ya muziki uliorekodiwa, na ni tukio lililowaaibisha kwa miaka mingi. Hata baadaye Ronan Keating na Stephen Gately ndio waliobeba karibu kila wimbo. Westlife nao waliegemea sana kwa Shane Filan na Mark Feehily. Lakini sikiliza Mark akipanda juu mwishoni mwa "Flying Without Wings", kisha uniambie kama ile ni sauti ya kubandikwa. Meneja wao Louis Walsh alikuwa na mtazamo wake: wimbo wa taratibu, viti virefu, na kusimama pale ufunguo unapopanda. Vibao saba vya kwanza vya Westlife vyote vilifika namba moja Uingereza. Kwangu mimi mtindo wao ulichosha baada ya albamu ya pili. Najua wapo watakaonikasirikia kwa hilo, kwa kuwa huku kwetu nyimbo zile zimepigwa harusini hadi zimekuwa kama zetu.

Kuhusu kwa nini wote kwa pamoja, jibu linaanzia Ujerumani. Katikati ya miaka ya 90, ukiwaacha Boyz II Men, Marekani haikuwa na nafasi kwa vijana wanaoimba mapenzi wakiwa wamevaa nguo nyeupe. Redio zilijaa roki ya huzuni ya Seattle na hip hop, na kibao cha kwanza cha Backstreet Boys hakikupata kitu kwao. Ulaya ilikuwa na njaa. Ujerumani ilikuwa na jarida la vijana Bravo, lililotoa mabango ya kubandika ukutani, na televisheni mbili za muziki zikigombea watazamaji, MTV ya Ulaya na Viva ya Cologne. Backstreet Boys wakazunguka huko, na albamu yao ya kwanza ikatoka 1996 kila mahali isipokuwa nyumbani kwao. *NSYNC nao walisainiwa na kampuni ya Munich, wakajulikana Ujerumani kabla ya kujulikana nyumbani kwao. Kwa hiyo walipoingia Marekani hawakuwa wanagenzi. Walikuwa wameshaimba kwa miaka, mji baada ya mji, mara nyingine kwenye shule na maduka makubwa.

Mwaka 1997 Marekani ikafunguka. Roki ya huzuni ilikuwa imechoka, Spice Girls na Hanson walikuwa wameshathibitisha kwamba watoto wana pesa, na watoto wenyewe walikuwa wengi mno, kizazi cha wana wa wale waliozaliwa baada ya vita. Wazazi walikuwa na kazi, CD iliuzwa zaidi ya dola 15, na hapakuwa na njia nyingine rahisi ya kuupata wimbo unaoupenda. Septemba 1998 MTV ikaanzisha kipindi cha kila alasiri ambapo watazamaji hupiga kura, na wasichana wakitoka shule wakawa ndio wanaoamua. Mwezi Mei 1999 albamu ya Backstreet Boys iliuza nakala milioni 1.13 Marekani kwa wiki moja. Machi 2000 *NSYNC wakauza milioni 2.4 kwa wiki moja, na rekodi hiyo haikuguswa hadi Adele alipoivunja 2015.

Nimefika kwenye jambo linaloniumiza. Mwaka 1998, wakati dunia nzima inawaimba, Backstreet Boys walimshtaki Pearlman. Walidai kwamba yeye na kampuni zake walikuwa wamechukua mamilioni ya dola, huku wao watano wakigawana laki tatu kwa miaka yote ile. Waliposoma mkataba vizuri wakagundua kuwa alikuwa meneja, mtayarishaji, na juu ya hayo alijiandikisha kama mwanakikundi wa sita, akichukua fungu la mwimbaji asiyeimba. *NSYNC waliitwa kwenye chakula cha jioni cha fahari wakakabidhiwa bahasha, na ndani kila mmoja akakuta hundi ya dola 10,000 baada ya takriban miaka mitatu ya kazi. JC alikuwa na mjomba mwanasheria, akaupitia mkataba, na kundi likaenda mahakamani. Wote hatimaye waliondoka kwa makubaliano. Pearlman mwenyewe alikuja kugundulika kuwa alikuwa akiendesha upatu wa kitapeli kwa miaka mingi, akiwalipa wawekezaji wa zamani kwa pesa za wapya, hasara ikizidi dola milioni 300. Alikamatwa Bali 2007, akahukumiwa miaka 25, akafia gerezani 2016.

Kwa hiyo kaka yako anaposema tajiri aliwakusanya, mwambie na kilichofuata. Dola 1.87 za New Edition na 10,000 za *NSYNC ni hesabu ileile, imepishana miaka tu. Vijana wa kwetu wanaosaini leo na mameneja wanaowalipia studio, nyumba na nguo waangalie mstari unaosema gharama zitakatwa kabla ya mgawo. Hapo ndipo fedha zote zinapopitia.

Kupotea kwao hakukuwa kwa ghafla kama inavyoonekana ukiwa mbali. Denniz PoP alifariki kwa saratani Agosti 1998 akiwa na miaka 35, na Cheiron ikafungwa 2000, Max Martin akaendelea na waimbaji wengine. Kampuni zilitengeneza nakala nyingi mno, hadi mwaka 2000 televisheni ya Marekani ikawa inaunda kundi mbele ya watazamaji, na siri ya fundi ikamwagwa hadharani. Napster, programu ya kugawana nyimbo mtandaoni, ilianza 1999, watoto wakajifunza kupata wimbo bila kununua CD, na biashara iliyotegemea wiki ya kwanza ya mauzo ikapasuka. Mashabiki wakakua wakaenda vyuoni. *NSYNC wakapumzika 2002 na Justin akaenda zake peke yake. Wakati huohuo Korea Kusini, mtayarishaji Lee Soo-man alikuwa amekwisha kuunda kundi la H.O.T. mwaka 1996 kwa mafunzo makali ya kuimba na kucheza, na huko ndiko ufundi ule ulikohamia ukakua hadi leo hii unasikika kwenye simu za wanafunzi wa Dar es Salaam na Nairobi.

Na wengi wao wapo. Take That walirudi 2006 wakajaza viwanja kuliko mwanzo. Boyzone walimpoteza Stephen Gately mwaka 2009. Backstreet Boys bado ni walewale watano, Kevin akiwa ameondoka 2006 na kurejea 2012, na mwaka 2025 waliimba Las Vegas kwenye ukumbi wa Sphere.

Ukikaa tena na kaka yako, usianze na Westlife. Anza na Boyz II Men, "It's So Hard to Say Goodbye to Yesterday" ya 1991, ambayo haina ala hata moja. Kisha weka "I Want It That Way" kwenye spika nzuri, si kwenye simu, na umwombe aimbe sauti ya katikati kwenye kiitikio cha mwisho. Si ile ya juu anayoijua kila mtu. Ya katikati.